Esta Asikumbushwe

Shinyanga,
14 Juni 1980

Shemeji Kalisti,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba ya shangazi Euphrasia, kwa sababu ndani kuna wageni na mimi siwezi kuandika mtu akinitazama. Shangazi hajambo isipokuwa magoti. Mvua ilikatika mapema, mahindi ya uani yameishia majani. Mtihani wa muhula tumemaliza. Katika bayolojia nimekuwa wa pili, na aliyenishinda ni binti wa mwalimu.

Dada Esta alifika kwa lori ulilompakia. Alishuka akasimama palepale aliposhushwa, mpaka utingo akamshika mkono na kumleta mlangoni kama mtu anayeleta gunia. Maziwa yalikuwa yamelowesha gauni lake, na mwenyewe hajifuti. Hasemi. Halali. Uji tukimtia mdomoni unatoka pembeni, na nzi wanaufuata. Naona haya kukuandikia hili, lakini wewe ni mume wake.

Juzi tulimpeleka hospitali akalazwa. Daktari alimbana ngozi ya mkono, ikabaki imesimama. Akasema, "Huyu anakufa njaa na chakula kipo." Anataka kumpa matibabu ya umeme kichwani. Eti dawa za kumeza zitachukua muda ambao yeye hana. Lakini anataka ruhusa ya mume, kwa maandishi.

Tafadhali njoo. Kama huwezi kuja, andika kwamba hutaki huo umeme, watafute njia nyingine. Daktari pia aliuliza uchungu ulianza lini, mtoto alizaliwaje na nani alikuwapo. Shangazi akanitazama mimi, mimi nikatazama sakafu. Hatujui chochote. Tuandikie.

Ni mimi shemeji yako,
Justa


Machimboni, Geita,
29 Juni 1980

Kwa shemeji Justa, msomi wetu,

Mwangaluka! Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika, na mgongo wa mchimbaji ukinyamaza ujue amekufa. Huyo binti wa mwalimu asikuogopeshe. Muhula ujao umtupe chini.

Barua yako niliikuta dukani kwa mzee Akida, anakotunzia barua zetu chini ya mfuko wa chumvi. Kuja sitaweza. Duara letu, yaani shimo tunalochimba sisi sita, limefika kwenye mwamba wenye rangi ya dhahabu. Mtu akitoka sasa, mahali pake panakaliwa kabla vumbi la miguu yake halijatua.

Habari ya umeme: wampe tu. Ruhusa ya daktari iko ndani ya bahasha, nimeisaini. Hapa kuna mwenzetu anaitwa Nassibu, kaka yake alichanganyikiwa wakampa umeme huohuo. Nassibu anasema alirudi mpole kama kondoo, na mwaka mzima wa nyuma ulikuwa umefutika kichwani, hata watu aliogombana nao hakuwakumbuka, akawa anawasalimia. Kwa hiyo ni dawa nzuri.

Kuhusu uzazi, mtoto alizaliwa amekufa. Ni kazi ya Mungu. Mambo hayo si ya kuandikiana na msichana wa shule.

Msalimie shangazi na magoti yake.

Kalisti


Shinyanga,
20 Julai 1980

Shemeji,

Shikamoo. Shangazi anakusalimu. Alikuwa na neno jingine baada ya salamu, sitaliandika. Sukari hakuna mji mzima, na sabuni tunakata kipande chembamba kama ulimi wa paka.

Uliandika "wampe tu". Ni maneno mawili. Nataka ujue yanakuwaje yakishatoka kwenye karatasi.

Chumba cha kazi hiyo hakuna. Ni pembe ya wodi ya wanawake, wamevuta pazia la kijani ambalo halifiki chini, kwa hiyo waliolazwa kwa homa na waliovunjika miguu wote wanaona nyayo zikirukaruka. Mbele ya dada walikuwapo wengine. Walikaa kwenye benchi wakisikia kinachoendelea upande wa pili wa kitambaa. Mmoja alijikojolea kabla hajaitwa, mkojo ukatambaa hadi kwenye viatu vyangu vya shule. Kuna kipande cha mpira ambacho mgonjwa anang'ata asijikate ulimi. Kilitoka mdomoni mwa mmoja, kikachovywa kwenye beseni la dawa, kikakung'utwa mara moja, kikaingia mdomoni mwa mwingine. Niliona uzi wa mate ukiwa bado unaning'inia.

Mashine yenyewe ni sanduku dogo kama redio. Muuguzi mmoja, dada Ghati, alimpaka Esta maji ya chumvi pembeni ya macho. Dawa ya usingizi haikuwapo, imekwisha. Kwa hiyo alikuwa macho, Shemeji. Alikuwa ananitazama mimi.

"Wewe ni ndugu yake?" Ghati akaniuliza. "Shika bega. Usimkandamize, utamvunja. Mzuie tu asianguke."

"Mimi ni mwanafunzi," nikasema.

"Bega halina shule. Shika!"

Nikashika. Sikusikia sauti yoyote kwenye mashine. Taya la dada lilijifunga, mgongo ukapanda juu, kisha mwili mzima ukaanza kutetemeka kwa mpigo mmoja, uso ukigeuka rangi ya maini. Povu lilitoka likiwa na damu kidogo, likanimwagikia mkononi, la moto. Nilimwachia. Nilikwenda nyuma ya pazia nikatapika kwenye ndoo ya bendeji chafu, na harufu ya ile ndoo ikanitapisha tena.

Ghati akaita, huku amemshika dada peke yake, "Haya mwanafunzi, ukishamaliza ya kwako njoo umpanguse mwenzio!"

Nilimpanguza kwa ncha za vidole. Baadaye alikoroma kama mlevi, na mtoto mmoja aliyekuja kumwona mama yake akacheka. Nimekosa usingizi tangu siku hiyo. Tukiwa darasani mwalimu akichora ubongo ubaoni naona kinyaa.

Wamesema atarudiwa mara mbili kila wiki. Andika kwamba umeondoa ruhusa yako. Nakuomba. Na utuambie mtoto alizaliwaje, daktari ameuliza tena.

Justa


Machimboni,
8 Agosti 1980

Shemeji Justa,

Umenifanya nisukume sahani ya ugali mbele ya watu. Maandishi gani hayo! Mkojo, povu, damu. Tena barua imefika wiki yetu ya kuosha mawe. Kwetu hapa, mtu anayeosha dhahabu hasogelei uchafu wa kike. Damu ya mwanamke ikikugusa, ya mwezi au ya uzazi, dhahabu inakimbia. Wenzangu wakijua nilishika karatasi ya namna hiyo watanitoza mbuzi.

Kwa hiyo andika kistaarabu. Na waendelee, ruhusa yangu iko palepale. Wewe shika bega, bayolojia itakuja kukusaidia siku moja.

Nakutumia sabuni miche miwili kwa dereva. Mmoja wa shangazi, mmoja wa hizo ncha za vidole vyako.

Jambo moja tu unijibu, na unijibu kabla ya salamu: je, ameanza kusema? Na anakumbuka?

Kalisti


Shinyanga,
30 Agosti 1980

Shemeji,

Hakumbuki. Nimekujibu kabla ya salamu kama ulivyotaka. Shikamoo. Sabuni zimefika, shangazi ameshukuru.

Baada ya mara ya nne, dada aligeuza uso ukutani akasema, "Uji huu hauna chumvi." Ghati aliangusha bakuli. Alimkumbatia akamwinua na shuka lake, wagonjwa wa wodi nzima wakapiga vigelegele, hata yule mwenye mguu wa plasta. Siku ya pili akataka ugali. Ya tatu akaniambia nywele zangu zinatia aibu akazisuka, ingawa aliacha upande mmoja akidhani ameshaumaliza.

Sijui nifanye nini na hili, Shemeji. Kitu kile ni kichafu. Nilikichukia na bado nakichukia, mpira ule, benchi lile, watu kusubiri zamu wakisikia wenzao. Na kitu kilekile kimemfanya dada yangu ale. Nilidhani jambo likinitapisha basi ni baya. Sasa sina kipimo.

Lakini sikiliza. Jumanne alijishika tumbo akaniuliza, "Justa, mimba yangu iko wapi?"

Nikaendelea kukunja shuka lake.

"Nilikuwa na mimba. Kubwa. Watu wameipeleka wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia kama ulivyoandika wewe, kwamba mtoto alizaliwa amekufa. Alilia kama mtu aliyepata habari siku hiyo, kwa sababu kwake ilikuwa siku hiyo. Kisha akalala, akaamka, akaniuliza tena. Nikamwambia tena. Daktari anasema mambo ya karibu husahaulika, mengine yatarudi na mengine huenda yasirudi. Kichwa kinamuuma, lakini anakula. Daktari amesema zilizobaki ni mbili, kisha basi.

Sasa naweza kumwambia kitu kingine zaidi ya maneno yako mawili matatu? Nani alikuwa naye?

Justa


Machimboni,
14 Septemba 1980

Shemeji wangu mpenzi Justa,

Mwangaluka sana! Leo nimecheka mpaka Akida akaniuliza kama na mimi nahitaji umeme. Esta anadai chumvi! Huyo ndiye Esta. Mwambie namkumbuka alivyokuwa akicheza ngoma wakati wa mavuno, vumbi likipanda hadi magotini, na mimi nikijifanya sitazami. Mwambie nitamjengea nyumba ya bati. Duara limetupa, si haba. Nimenunua vitenge viwili vya kutoka Burundi, kimoja cha kijani na kingine sikitaji rangi mpaka akione.

Nakuja katikati ya Novemba kumchukua.

Lakini ni lazima nizungumze nawe kama mtu mzima. Kama hakumbuki, asikumbushwe. Wewe una mazoea ya kuuliza, ni ugonjwa wa shule. Usimuulize. Akiuliza, mtajie habari za nyumbani, za ng'ombe, za kanisani. Mungu amemfutia, wewe ni nani umwandikie upya?

Tena huyo daktari amesema mengine yatarudi. Ndani ya bahasha nimeweka ruhusa nyingine. Mpelekee, mwambie mume anaomba wasiishie hapo. Waongeze kidogo, tano au sita, ili yashike vizuri. Mti ukikatwa na kuachwa kisiki huchipua.

Wako katika furaha,
Kalisti


Shinyanga,
5 Oktoba 1980

Shemeji,

Shangazi hajambo. Dada ametoka hospitali, yuko nasi, jana alifua.

Ruhusa yako sikumpelekea daktari. Nilimuuliza tu kwa mdomo kama mtu anayekula, anayelala na anayesuka anaweza kuongezewa umeme mwingine. Alinitazama kama nimemwomba sumu. "Ni nani anayetaka hivyo?" akauliza. Niliona haya kukutaja. Nikasema nimesoma mahali. Ni uongo wa kwanza kumwambia mtu mkubwa, nami nimeusema kwa ajili yako.

Mimi si mwepesi wa maneno, wewe wajua. Mezani kwenu nilikuwa nikishindwa hata kuomba maji. Lakini nimesoma barua zako zote kwa mfuatano. Hujauliza hata mara moja kama umeme unamuuma. Unauliza kama anakumbuka.

Ni kitu gani hutaki akikumbuke?

Justa


Machimboni,
19 Oktoba 1980

Justa,

Hukunisalimia, na mimi sikusalimii.

Esta ni mke wangu, ng'ombe walitoka kwetu mchana watu wakiona. Sihojiwi na mtoto anayekula kwa shangazi. Ulichosoma kwenye barua zangu ni kichwa chako mwenyewe. Vitabu vingi bila mume huleta hayo.

Mtoto alizaliwa amekufa, nimeshasema. Wanawake walimzika siku ileile, bila msiba, kama desturi inavyotaka kwa asiyevuta pumzi. Yamekwisha.

Nakuja na lori la pamba tarehe kumi na tano Novemba. Mwambie afunge mizigo yake. Na hiyo ruhusa nirudishie, nitampelekea daktari mwenyewe.

Kalisti


Shinyanga,
9 Novemba 1980

Kwa Kalisti,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu umenizidi miaka, na nimefundishwa hivyo.

Barua yako ya mwisho nilimsomea dada. Alikuwa anabangua karanga kwenye ungo. Nilisoma yote, pamoja na lori na mizigo. Nilipofika kwenye "asiyevuta pumzi" vidole vyake vikasimama.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Lakini alilia," dada akasema.

Hakusema kwa kelele. Alisema kama mtu anayemsahihisha mwenzake bei ya kitu. Shangazi alikuwa mlangoni na sufuria, hakuingia wala hakutoka. Dada akaendelea huku anaangalia karanga, na mimi sikumuuliza hata neno moja. Naandika hivyo ili usiseme ni ugonjwa wa shule.

Alisema uchungu ulimshika asubuhi, mtoto akitanguliza miguu. Lori lilikuwapo, limesimama kwa Akida, na Chiku, yule mama anayewapikia, alikwenda kumwita dereva. Wewe ukamwambia dereva asubiri, maana mlikuwa mnaosha, na damu ya uzazi isingepanda lori lenye mawe yenu. Chiku akakuita umbebe mkeo basi, mmpeleke kwa machela. Ulikuja mpaka nje. Dada aliona miguu yako chini ya mlango wa magunia, ina tope jeupe la mawe. Ukasema, "Mimi siwezi kugusa hayo leo. Subirini tumalize."

Mtoto alitoka mchana. Alilia. Dada anasema alilia kidogo, kwa hasira, kama aliyekanyagwa. Chiku akakuita tena, mtoto apate kuwahishwa, anabadilika rangi. Miguu ikaondoka mlangoni. Alikuwa wa kiume. Jioni ndipo mlipomaliza kuosha, ukaja ukauliza kutokea nje kama kumeshasafishwa.

"Ng'wana wane," dada alisema, "mwanangu, nilimsikia kwa masikio haya."

Kisha akaniuliza kama hayo aliyaota, maana tangu umeme haamini kichwa chake. Nimwambieje? Nilimwambia maneno yako: andika kistaarabu, uchafu wa kike, dhahabu inakimbia, asikumbushwe, waongeze. Hapo akajua hakuota. Umemthibitishia wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Nimewaza sana neno kinyaa. Nilitapika kwa povu la dada yangu, nikamwachia bega. Ghati hakumwachia. Povu lilikauka, likafuliwa, halikudhuru mtu. Sasa najua kinyaa changu kilikuwa kimepotea njia. Nikiandika "kama kumeshasafishwa" tumbo langu linapanda, nami safari hii ninaliamini. Vitenge vyako sitaki kuviona. Dhahabu iliyobaki, ile ambayo haikukimbia, sijui unaishikaje na kwa mkono huohuo unakula.

Lakini hii si barua ya matusi. Dada amenituma nikuandikie jambo, nami naliandika kama alivyolisema.

Mtoto aliyelia ni mtu. Mtu anaombolezwa. Usiku ule wanawake walimzika kama kitu kilichoharibika, kwa sababu wewe ulisema hakuvuta pumzi, na Chiku aliogopa kupoteza kazi ya kuwapikia, akanyamaza. Kwa hiyo dada amempa jina. Anaitwa Maige, jina la baba yetu, si la ukoo wako. Jana shangazi alitandika mikeka uani. Majirani wamekuja, Wakristo kwa Waislamu, wanaume wamewasha moto nje kama wanavyofanya penye msiba, na kila anayeingia anauliza marehemu alikuwa na umri gani. Dada anajibu mwenyewe: "Alilia mara moja." Hakuna aliyecheka. Ghati alitoka zamu akaja na sare yake, akachuchumaa jikoni kupika.

Ruhusa yako ya umeme sikurudishii. Nimempa daktari, si aitumie bali ajue. Safari hii nilimtaja aliyeiandika, na uso wangu haukuanguka.

Mizigo haijafungwa wala haitafungwa. Lakini dada hakukukataza kuja. Anasema lori la pamba na lije. Utaingia uani mbele ya watu, na kama desturi inavyomtaka baba wa marehemu, utanyolewa nywele, utakaa chini kwenye mkeka, na kila mtu atakupa mkono akikuambia pole kwa kufiwa na mwanao Maige. Utamjibu kila mmoja. Hilo tu ndilo analotaka kutoka kwako, ukubali kwa kinywa chako kwamba alikuwa hai.

Tutakaa mikekani mpaka tarehe kumi na tano ipite.

Justa